Kiti Kilichozidi Vidole Viwili

Asubuhi ile Nukta alikuwa na furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu mzima apige mluzi na mswaki uko mdomoni. Meza ilikuwa tayari, viti vilikuwa tayari, vyote vimefungwa kamba nyuma ya lori, na aliyeshika usukani wa lori lenyewe ndiye msichana aliyekuwa anamtaka kufa na kupona.

Nukta si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake karakanani kwa ajili ya kimo chake. Na huyo dereva wa lori la mbao walimwita Mlingoti, sina haja ya kueleza kwa nini. Siku ya kwanza alipoleta mbao alishuka kwenye lori, akashuka, akaendelea kushuka, na Nukta akadondosha nyundo kwenye mguu wake mwenyewe. Alisema hakuumia. Mwongo! Alichechemea wiki nzima, ila kwa raha zake.

Mlingoti alikuwa ameshakubali zamani. Kazi ilikuwa kwa bibi yake, mzaa baba, kikongwe mdogo kama birika ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumba nzima. Nukta alipokwenda kujieleza, Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe si fundi? Basi sikiliza. Marehemu mume wangu aliacha kiti kimoja kikubwa. Wanangu wawili, watu wazima na mvi zao, wamekigombea, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mpaka kikavunjika. Tangu hapo kila mtu anakula kona yake. Nitengenezee meza na viti. Siku nikiona watu wangu wote wamekaa meza moja kwa raha, nitakujibu kuhusu mjukuu wangu."

Nukta alitoka pale anaruka. Mtihani gani rahisi hivyo? Kama ni kuwaweka watu sawa, yeye ndiye mwenyewe!

Maana Nukta alikuwa na fimbo yake ya kipimo, mti mgumu wa pembe nne, mnene kama mguu wa meza, ameirithi kwa mzee aliyemfundisha useremala. Aliiita Hakimu. Kila mguu wa kiti uliopita karakanani pale ulilazwa ubavuni mwa Hakimu ukakatwa hapo hapo, uwe wa kiti cha tajiri au cha mlinzi. "Hakimu hana shemeji," ndivyo alivyopenda kusema. Mtu aliyetaniwa kimo tangu shule ya msingi hukipenda sana kipimo kimoja kwa wote, na mimi simlaumu. Akavikata viti vyote kwa Hakimu, vikatoka kama mapacha. Kile cha mwisho tu alikikata mlango umefungwa. Hilo tuliache kwanza.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Ingia, usiogope, hatung'ati."

Familia ilikuwa imejaa sebuleni. Alikuwepo Mzee, baba yake Mlingoti, ambaye ukimwona unajua binti hakuokota urefu barabarani. Alikuwepo Shangazi, dada yake Mzee, aliyemlea Mlingoti tangu mdogo, mama mpana, mwenye kicheko kipana na nyonga pana zaidi. Hawa ndio waliovunja kiti cha marehemu, na kila mmoja mpaka leo anasema ni mwenzake. Na dirishani, mahali pake pa siku zote, alikuwepo Baba Mdogo, fundi cherehani. Miguu yake iligoma tangu utotoni, akawa anatembelea kiti cha magurudumu, lakini mdomo wake ulifanya kazi ya viungo vyote. Alikula pale pale dirishani, sahani mapajani, na akitaka mkate ilibidi apige kelele mpaka mtu akumbuke kumpelekea.

Viti vikaingizwa. Vikapangwa. Watu wakashangilia, na haki yao, maana mbao zilikuwa zinang'aa hadi unaweza kujinyolea humo.

"Vyote sawa!" Nukta akatangaza, kifua mbele. "Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Kila mtu na chake."

Akaenda dirishani na kiti kimoja, akakiweka mbele ya Baba Mdogo kwa heshima zote.

Baba Mdogo akakitazama kiti. Akajitazama alipokaa. Akakitazama kiti tena.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Sasa nikiweke wapi? Kichwani?"

Shangazi alicheka mpaka akajitupa kwenye kiti chake, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kiti kilikuwa na mikono miwili mizuri ya kuchonga. Shangazi aliingia kati ya mikono ile kama kizibo kwenye chupa, na alipotaka kuinuka, kiti nacho kikainuka.

"Jamani! Kimenishika!"

"Basi kaa!"

"Nikae mpaka lini?"

Mzee naye, katika kumkimbilia dada yake, alisahau kwamba magoti yake yameshaingia chini ya meza, tena kwa kukunjwa kunjwa. Alipoyanyoosha, meza ikapaa upande mmoja. Birika likaserereka, vikombe vikalifuata, na Bibi, aliyekuwa amekaa ng'ambo na miguu yake inaning'inia hewani kama ya mtoto wa chekechea, akavidaka viwili kwa kanga. Kidevu chake ndicho kilichokuwa kinachungulia juu ya ubao.

"Nimerudi utotoni," Bibi akasema. "Sikuomba, ila nimerudi."

Baba Mdogo alijaribu kuisogelea meza kwa magurudumu yake. Akasogea, akasogea, kisha ko! Ubao wa pembeni ukamgonga magoti. Meza ilikuwa chini mno kwake. Akarudi nyuma taratibu mpaka dirishani, akaiweka sahani mapajani, na akatabasamu kwa watu wote. Tabasamu lile ndilo lililomchoma Nukta kuliko vikombe vilivyovunjika. Alikuwa amemletea mtu huyu kiti asichokihitaji, na amemnyima meza.

Akavuta kiti chake. Akakaa. Na masikini ya Mungu, alikaa vizuri! Mgongo umenyooka, viwiko vimetua mezani, bega lake limelingana na bega la Mlingoti aliyeketi kando yake, kama wamezaliwa siku moja.

Bibi hakuwa mzee wa macho. "Hebu simama," akasema. "Kisogeze kiti chako hapa. Karibu na changu."

"Bibi, hakuna ha..."

"Sogeza."

Viti viwili vikasimama ubavu kwa ubavu. Kile cha Nukta kilizidi vidole viwili. Havikuwa vitatu wala kimoja, vidole viwili kamili, na hata Shangazi aliyekuwa amebanwa aliacha kuhangaika ili aone.

Baba Mdogo akapiga makofi dirishani. "Njia ya mwongo fupi," akasema, "na mwongo mwenyewe mfupi!"

Nyumba ikapasuka kwa vicheko. Nukta alitamani sakafu imfunike. Alijiona anarudi karakanani peke yake, anamsikia Mlingoti anapiga honi mbele ya karakana za wengine. Ilikuwa imekwisha.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Nikikaa na mjukuu wako kwenye kiti cha kawaida watu wanadhani amekuja na mwanawe. Ndiyo maana nikajiongezea. Ngoja nikikate."

Akachukua msumeno, akainama. Mkono wa Bibi ukamzuia.

"Hicho usikiguse. Humu ndani hicho ndicho kiti pekee ulichokitengeneza ukimfikiria mtu." Bibi akavuta pumzi. "Kwa hiyo dawa unaijua, kijana. Ila umeinywa peke yako. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na mimi sijakujibu."

We! Kama ulikuwa hujaona familia nzima imeingiwa na kichaa cha useremala, ungeiona siku ile. Baba Mdogo alichomoa futi yake shingoni na kuanza kutoa amri. "Mimi ningeshona suruali moja kwa mtaa mzima, nusu yenu mngetembea uchi! Mama, nyoosha mguu. Kaka, acha kujikunja, hukamatwi na polisi." Mlingoti alishika mbao, Mzee alishika misumari mdomoni, na Nukta alikata huku anachekacheka mwenyewe, vumbi la mbao limemjaa nyusi.

Kwanza wakamwokoa Shangazi. Mikono ya kiti ikakatwa naye yumo, macho ameyafumba, anawausia watoto ambao hajawahi kuwazaa. Kiti kilipomwachia alipumua hadi pazia likacheza. Ile mikono haikutupwa, ikaungwa kwenye miguu ya kiti cha Mzee. Kilichombana dada kikamwinua kaka, na kwa mara ya kwanza tangu kiti cha marehemu kivunjike, wale wawili walitazamana wakacheka kitu kimoja.

Kile kiti cha Baba Mdogo kikavunjwa kwa ruhusa yake. "Kimeishi maisha mafupi lakini ya heshima," akasema. Miguu yake ikaenda kuinua kiti cha Bibi, ubao wake ukawa kibao cha kukanyagia, na Bibi akapanda, akatua nyayo zake mbili, akaiona meza nzima mpaka mwisho.

Ikabaki meza yenyewe. Ilitaka kuinuliwa vidole vinne ili magurudumu yapite, na mbao zilikuwa zimekwisha. Nukta aliangaza huku na huku. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kimeegemea ukuta, kigumu, cha pembe nne, kinene kama mguu wa meza.

"Hakimu," Mlingoti akanong'ona. "Usifanye hivyo, mpenzi. Tutatafuta mawe."

Nukta aliishika ile fimbo. Mikono yake iliijua kuliko ilivyojua kijiko. Kisha akailaza, akaikata. Vipande vinne, kimoja kila mguu wa meza. Baba Mdogo akasogea, akasogea, kila mtu ameshika roho yake, na safari hii hakuna kilichogonga. Magoti yakapita, tumbo likafika, viwiko vikatua juu ya ubao. Alichukua kijiko akagonga meza mara moja, kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Wakakaa. Na hapo Nukta akagundua hesabu aliyoisahau. Meza imepanda, naye yuko pale pale. Vile vidole viwili alivyojiibia vimemezwa vyote, na kidevu kimesalimiana na sahani.

Mfukoni kilibaki kisehemu cha mwisho cha Hakimu. Akakitoa, akakipima kwa macho. Kinatoa vipande vinne vyembamba, vidole viwili kila kimoja. Ni kama kilikuwa kinamsubiri! Akakikata haraka haraka, akainamia kiti chake, na alipokuwa pale chini, nyundo mkononi, akaona mgongo wa Mlingoti.

Ulikuwa umepinda. Alikuwa amekaa kiti kile kile cha wote, magoti juu, mabega chini, shingo ameirudisha ndani, anaongea na Shangazi na kucheka kama kawaida. Nukta alijaribu kukumbuka kama amewahi kumwona amekaa wima akiwa karibu naye. Hakukumbuka. Miezi yote ile alidhani wamelingana kwa sababu ya ujanja wake yeye, kumbe mwenzake alikuwa anajikunja kila siku ili amfikie, na hakuwahi kumwambia.

"Inuka kidogo," Nukta akasema.

"Mimi? Mimi niko sawa."

"Hauko sawa. Inuka, bwana."

Akapigilia vile vipande kwenye kiti cha mwenzake. Mlingoti akakaa. Mgongo ukanyooka, mabega yakafunguka, shingo ikatoka, na ikaendelea kutoka, mpaka Nukta akalazimika kuinua kichwa kama anayeangalia kama mvua inakuja. Jamani, alipendeza! Nukta alicheka kwa sauti pale pale, kidevu mezani, hana hata aibu.

Mlingoti alimtazama kule chini. Akatoka, mlango wa lori ukasikika unafunguliwa na kufungwa, akarudi na mto wa kiti cha dereva, ule uliochoka, wenye harufu ya dizeli. Akambeba Nukta kidogo kwa makwapa, akausukuma chini yake, akamwachia.

"Mto huu ulikuwa unanifaa kwenye mashimo ya barabara," akasema. "Sasa utakufaa wewe."

Bibi alikuwa anatafuna polepole, macho yake yanazunguka meza. Viti vilikuwa havifanani hata kimoja. Kingine kimekatwa mikono, kingine kimeungwa miguu, kingine kina mto wa lori. Alimwangalia Mzee, akamwangalia Shangazi, akamwangalia mwanawe wa magurudumu mahali ambapo hajawahi kumwona amekaa. Mwisho akamwangalia fundi.

"Haya," akasema. "Mpeni."

"Tumpe nini, mama?" Mzee akauliza.

"Mpeni binti, nini tena! Na mkate mpitishieni, mkono wake haufiki."

Nukta akapiga kelele ya furaha, Shangazi akapiga vigelegele, Mlingoti akaficha uso kwa viganja viwili. Sahani ya mkate ilikuwa mbele ya Baba Mdogo. Akachukua kipande kikubwa, akanyoosha mkono juu ya meza, akampitishia.