Mwizi wa Kuku Aliyetaka Umeya

Haya nilisimuliwa na dada yangu Eufrasia juzi, tukimenya mihogo. Mjini anakoishi, kando ya mto Magdalena huko Kolombia, mwenye kipaza sauti ni mmoja tu, Nicanor wa pikipiki. Evaristo na Hermelinda, waliokuwa wakigombea umeya, wote wawili wakamkodi yeye. Asubuhi alitangaza, “Evaristo mwizi wa kuku!” Jioni, “Hermelinda mchawi!”

Siku ya kura hakutokea mtu. Evaristo akamkimbilia mama yake.

“Mama, kura moja tu inanitosha niwe meya!”

“Nimpe mwizi wa kuku?”

“Kuku gani? Wako si hao bandani?”

“Wapo wote. Lakini mwanangu, kipaza sauti kiseme uongo mwezi mzima kisichoke?”

Evaristo akaenda kujipigia mwenyewe. Akashika kalamu, akamkumbuka yule mwizi wa kuku anayetangazwa, akairudisha mezani. Hermelinda naye alishajiogopa. Sanduku likafungwa tupu.

Jioni mama akawahamishia kuku chumbani kwake mwenyewe.

“Mama,” Evaristo akaita kutoka chumba cha pili, “nifungie mlango kwa nje. Isije ikawa kweli.”

Mama akafunga, akalala. Evaristo akawasikiliza kuku upande wa pili wa ukuta mpaka naye usingizi ukamchukua.