Treni ya Waziri Itasubiri

Kwenye kitabu kipya cha historia ya reli yetu wamenipa sentensi moja. Wanasema siku serikali ilipoichukua reli kutoka kwa kampuni, treni ya waziri ilichelewa saa mbili "kwa uzembe wa msimamizi wa stesheni". Msimamizi huyo ni mimi. Uzembe, mimi! Haya, nisikilizeni.

Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana katikati hakuna pa kupishana, ni kifo. Kwa hiyo kati ya stesheni na stesheni palikuwa na kijiti kimoja cha chuma, kinachotoka kwenye mashine yenye kufuli, na dereva asiye nacho mkononi haondoki. Mabwana wa kampuni walipoondoka walibeba funguo za mashine na kukata simu. Walitaka tukwame watucheke.

Walichosahau ni kwamba kanuni zao tulizijua kuliko wao. Kanuni ilisema kijiti kikikosekana, mtu mmoja anakuwa kijiti. Anafungwa kitambaa chekundu mkononi, na treni haiingii njiani bila yeye: ama apande mwenyewe, ama amwandikie dereva karatasi ana kwa ana. Tukamchagua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliyemwita Chapchap kwa sababu hatulii.

Siku hiyo treni mbili zilikuwa zinaelekea upande mmoja, ya mbele ikiwa ya bendi, ya nyuma ya waziri. Chapchap aiandikie ya bendi karatasi, abaki, kisha apande na waziri. Basi! Lakini tarumbeta zilipolia na vigelegele vikapanda, shemeji yangu akajisahau. Akarukia behewa la mwisho akicheza mlangoni, akipunga mkono uleule wenye kitambaa. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Wapi! Treni ikakata kona, ikaenda naye.

Sasa kijiti changu kiko stesheni ya pili, simu haifanyi kazi, na waziri yuko kwenye behewa anajipepea.

Mkurugenzi mpya wa reli akaja ofisini kwangu amefura. "Treni inangoja nini?"

"Inamngoja Chapchap, mzee."

"Njia ni tupu! Ya bendi imeshafika saa hizi."

"Huenda. Anayejua ni Chapchap, na Chapchap hayupo."

"Wewe ni nani hata umzuie waziri?"

"Msimamizi wa stesheni."

"Stesheni ya nani?"

"Ya wananchi, mzee. Tangu asubuhi hii."

Akanyoosha mkono achukue bendera ya kijani mezani. Nikamuwahi, nikaikunja, nikaikalia. Ndiyo, niliikalia. Dereva wa waziri alikuwa anatutazama kupitia dirishani. Nikamtikisia kichwa, naye akakunja mikono yake, akaegemea injini.

Nisiwadanganye, niliogopa. Nilikuwa na watoto wanne na tulikaa nyumba ya reli. Mkurugenzi akaniambia, "Umefukuzwa kazi." Nikamwambia sawa, lakini mpaka aje mwingine kushika zamu, treni haitoki. Akatukana, akatoka, akarudi, akatukana tena. Saa nzima ikapita, na ya pili ikawa inaisha.

Kisha reli zikaanza kulia. Treni ya mizigo ikatokeza kwenye kona, inatujia sisi, na kwenye injini yuko Chapchap, kitambaa mkononi, analia kama aliyefiwa. Alipogundua kosa lake alipanda treni ya kwanza iliyokuwa inarudi. Mabehewa nyuma yake yalijaa wake na watoto wa mafundi wa reli waliokuja kushangilia. Karibu watu mia.

Mkurugenzi alitazama yale mabehewa, akatazama treni ya waziri iliyokuwa njia ya pembeni. Akakaa juu ya sanduku la mtu.

Lakini jioni ile alipata la kuandika. Akaniletea karatasi niweke sahihi kwamba nilizembea, nami nitabaki na stesheni yangu. Makosa ya shemeji nilikuwa nimeshamlipizia, nilimsema mbele ya dada yake mpaka akaomba maji. Ila mimi sikuzembea. Nikairudisha karatasi bila sahihi. Kesho yake nikapewa panga, nikafyeke nyasi kando ya reli.

Nilifyeka miaka sita. Hakuna kanuni inayomtaka dereva ampigie honi mfyeka nyasi. Kanuni zote nazijua, haimo. Walinipigia, dereva mmoja baada ya mwingine, kila walipopita, na mimi nikasimama wima na panga langu, nikazipokea treni zangu.