Mnara Ulionasa Vidole

...lakini si aliipulizia gundi, akaingoja, akahesabu hadi mia, na mnara ukaanguka vilevile mara tatu, sasa mbona mara hii umeshika, tena umeshika pamoja na vidole vyake, gumba na cha shahada, kama vile vimeota pale kwenye mianzi, Tadeo akavuta, wapi, akavuta tena, ngozi ikamuuma hadi machozi, na nje Mzee Kalinga anakohoa kile kikohozi cha mtu aliyechoka kusubiri, wazee wa kigango wametoka misani, wamekaa kwenye mabenchi wanangoja huo mfano wa kanisa jipya, waamue leo lijengwe na mnara au bila mnara... Mgiriki wa shamba la tumbaku alipompa kichupa alimwambia gundi hii ndiyo kwanza imefika Iringa, mwaka huu wa hamsini na tisa, weka tone moja tu, hakumwambia kwamba kwenye mianzi mikavu italala usingizi, sasa nani kaiamsha, nani... magadi! Mungu wangu, magadi ya mkewe Tekla, si sasa hivi tu kamwomba amvunjie bonge kwa nyundo atie kwenye maharage, na yeye fundi mzima hakunawa, unga mweupe umo kwenye kucha, ndio uliogusa gundi ikakauka kabla hajapepesa jicho, hata kimoshi alikiona akadhani ni macho yake, yaani kitu ambacho Mgiriki mwenyewe hakijui kipo jikoni kwa Tadeo, moyo unamdunda kwa furaha, mchimba kisima kaingia mwenyewe na bado anacheka... “Baba Rozalia, tia mkono humu,” Tekla keshaleta beseni, maji ya moto na sabuni, “vitaachia polepole, usivute,” na ni kweli vitaachia, ila kuta zote za chini kaziunga kwa gundi ya ngozi aliyoichemsha mwenyewe, na gundi ya ngozi ikionja maji ya moto inarudi kuwa mchuzi, mkono utaokoka kanisa limwagike, na Kalinga atasema si niliwaambia, kama alivyosema mwaka ule upepo ulipouangusha mnara wa kanisa aliojenga baba yake Tadeo, “mikono ya ukoo ule haishiki,” na baba hakujenga tena, akawa anakizunguka kile kiwanja kwa mbali mpaka anakufa, na Tadeo alimwonea aibu, ndiyo, baba yake mzazi, kaunda mnara huu ili watu wasimfananishe na baba yake... “Kamwene, fundi! Umelala humo?” Kalinga huyo na salamu yake ya Kihehe, na mzee hupewa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima, na wa kulia ndio huu wenye mnara, atampa nini sasa, atampa mnara?... ampe! ampe aushike, avute mbele ya wenzake wote, akiung'oa basi kanisa lijengwe bapa kama ghala, na asipoung'oa... mkono utauma, wacha uume, haishiki ehe, njoo uone, “toa beseni, mama,” Tekla ameduwaa, maji yanafuka, yeye amekaa palepale, vidole vimenasa vilevile, “Kamwene, Baba,” akaitika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “nakuja na mnara wa baba yangu.”