Tangi Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Tangi la zahanati lilifungwa kufuli kabla halijaonja tone la maji, na Mzee Naftali, aliyelifunga, aliamini kwa dhati kwamba alikuwa akilitunza. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na mtendaji wa kata mstaafu. Maishani mwake hakuwahi kukiri kwamba kitu kipo mpaka kizinduliwe. Enzi zake, choo kipya cha shule ya msingi kilikaa muhula mzima mlango ukiwa umepigiliwa misumari, watoto wakienda vichakani, kwa kuwa mkono uliostahili kuusukuma mlango ule kwa mara ya kwanza ulikuwa Dodoma kwenye semina. Hakuna aliyecheka. Katika kijiji kile, kilichoko mbele kidogo ya Sepuka mkoani Singida, jambo hilo liliitwa utaratibu.

Zahanati yenyewe haikuwa na maji. Kisima kilichochimbwa kilitoa maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Kwa hiyo kila mwanamke aliyekwenda kujifungua alisindikizwa na ndugu aliyejitwika ndoo ya maji yaliyofukuliwa kwenye mchanga wa korongo. Agripina, muuguzi mfawidhi, aliwapokea wajawazito kwa maswali mawili: uchungu umeanza lini, na ndoo iko wapi. Swali la pili lilimwaibisha kila alipoliuliza, na alikuwa ameliuliza kwa miaka mingi. Tangi lile la zege lilijengwa ili lipokee mvua kutoka kwenye paa la bati. Likiwahi mvua za msimu ule, Agripina asingeuliza swali lile tena mpaka msimu mwingine. Likizikosa, ndoo zingeendelea mwaka mzima.

Wafadhili walimleta mhandisi, Raheli, mzaliwa wa Mwankoko, naye alikuja na mifuko ya unga wa kijivu wa kuchanganya kwenye zege bichi. Aliwaeleza wanakamati taratibu, kama mtu anayeamini kwamba anasikilizwa.

"Unga huu hauzibi zege kwa nje kama rangi. Unakaa ndani yake. Maji yakipenya, unakutana nayo pamoja na chokaa iliyomo kwenye saruji, kisha unaotesha fuwele nyembamba kama sindano. Fuwele zinajaza vinyweleo vya zege mpaka maji yanakosa pa kupita. Ila bila maji haufanyi kitu. Unalala tu. Kwa hiyo zege likishakomaa kidogo, tuanze kulijaza maji, hata kama ni kidogo kidogo."

Leonidas, mkandarasi, alikuwa akichokonoa meno. "Ngoja nielewe, injinia. Tunatia maji ili lisivuje maji?"

Kamati ikacheka. Ilikuwa ikicheka kila Leonidas alipofungua kinywa, kwa kuwa ndiye aliyewanunulia soda.

"Ndiyo, kaka. Hivyo hivyo."

"Mimi nimejenga matangi kuanzia Manyoni hadi Kiomboi bila unga wa uji. Saruji ikiwa nzito, yamekwisha."

"Na yale ya Manyoni yanashika maji?"

"Yalikuwa yanashika mpaka naondoka," alisema Leonidas, wala hakuona kwamba amejisuta mwenyewe.

Mzee Naftali akainua mkono. "Binti yangu, elimu yako tunaiheshimu. Lakini ndoo ya kwanza ataimimina mgeni rasmi. Sasa akikuta tangi tayari lina maji, atazindua nini?"

"Mzee, zege halimjui mgeni rasmi."

"Ndiyo maana tunalifundisha adabu."

Unga ulichanganywa, kwa sababu wafadhili walisimama pale wakitazama. Baada ya hapo utaratibu ukashika hatamu. Kuta zilifunikwa kwa magunia mabichi kwa siku chache, kwa nje tu. Ndani, palipohitaji maji kuliko popote, pakafagiliwa, pakapakwa chokaa nyeupe na kufungwa. Utepe mwekundu ukazungushwa tangini. Mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye paa ikateremshwa na kuegemezwa nyuma ya wodi ya wazazi, mvua isije ikajifanya mgeni rasmi. Raheli aliandika barua ya kupinga, ikasomwa kikaoni, ikapokelewa kwa shukrani. Kisha akaitwa kwenye mradi mwingine Mkalama.

Uzinduzi ulipangwa mwishoni mwa Novemba. Mgeni rasmi akapata udhuru. Ukasogezwa hadi kabla ya Krismasi, akapata udhuru mwingine, bora kuliko wa kwanza. Mvua, ambazo hazikuwa na ofisi wala katibu, zikaja kwa wakati wake.

Agripina alisimama kwenye baraza akitazama maji yakiporomoka kutoka kwenye bati, yakichimba mtaro uani, yakilizunguka tangi pande zote na kushuka korongoni. Alikuwa amepanga mabeseni chini ya paa. Yalijaa upesi, yakafurika, na hakuwa na mabeseni mengine. Mzee Naftali akatokea na mwavuli.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, sista. Utepe haujalowa?"

"Sijauangalia."

Mzee aliuangalia mwenyewe. Akatoa mfuko wa nailoni mfukoni mwa koti, akalifunika fundo la utepe kwa uangalifu ambao baba huutumia kumfunika mtoto, akapiga hatua nyuma na kuridhika.

"Mwenyekiti, rudisheni mifereji. Haya maji yanayopita hapa ni ya wazazi wangu wa mwaka mzima."

"Mvua zipo tu, sista. Kiongozi ndiye wa kusubiriwa."

Agripina akarudi kwenye mabeseni yake. Alikuwa amekwisha kumdharau mzee yule kiasi kwamba hasira ilionekana kama heshima asiyoistahili.

Mgeni rasmi alipatikana mwezi Machi, mvua zikiwa ukingoni. Maturubai yalisimamishwa, kuku na dumu la asali vikaandaliwa, kwaya ikashona sare. Raheli naye alialikwa, akapewa kiti nyuma ya spika za muziki. Ili tangi lisionekane tupu, lilikodiwa boza la maji kutoka Singida mjini. Mgeni alikata utepe, akamimina ndoo yake, akapigiwa makofi. Boza likaendelea kumimina wakati Mzee Naftali akisoma risala, aya baada ya aya, hadi kwenye sentensi aliyoitunga kwa jasho na aliyoisoma mara mbili kwa kuipenda: "Kuanzia saa hii ujenzi umekamilika, na tangi hili tunalikabidhi kwa mfawidhi wa zahanati, liwe chini ya usimamizi wake."

Nyuma ya meza kuu, ukuta ulianza kulowa. Kwanza ulikuwa mstari mmoja mweusi, mwembamba kama unywele. Ukafuatiwa na mwingine, kisha mtandao mzima wa mistari, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Leonidas alimnong'oneza Naftali, Naftali akamnong'oneza mshehereshaji, na kwaya ikaombwa isogee iimbie pale pale mbele ya ukuta. Wakaimba huku visigino vyao vikilowa. Lakini kwaya ile ilikuwa ndogo kuliko ukuta.

"Mbona tangi linatoka jasho?" aliuliza mgeni rasmi.

"Ni ubaridi wa maji, mheshimiwa," alisema Leonidas.

"Aa," alisema mgeni rasmi, akitikisa kichwa kwa ujuzi. "Teknolojia."

Akapokea kuku wake, akaondoka. Vumbi la gari lake halijatua, Leonidas akawa ameshika bomba la kutolea maji.

"Tunayamwaga. Tunapiga lipu nzito ndani, hakuna atakayejua."

"Msiyamwage," alisema Raheli, akija mbio na viatu vyake vya sherehe. "Hizi ni nyufa za ukavu, mmezitengeneza wenyewe kwa kulinyima maji. Bado ni nyembamba. Unga ndio kwanza umeamka, uacheni ufanye kazi. Mkiyamwaga mnaulaza tena, na mvua zenyewe zinakwisha."

"Na hao wapita njia?" alisema Mzee Naftali. "Kila mtu atakuja kutazama tangi linalolia. Aibu hiyo ya nani? Mwaga, Leonidas."

Agripina aliweka mkono wake juu ya koki. "Hayamwagwi."

"Sista, mimi ni mwenyekiti."

"Ulikuwa mwenyekiti wa ujenzi. Ujenzi umekamilika leo, umetangaza kwenye kipaza sauti, tena umerudia. Nipe ufunguo."

"Ile ni risala tu!"

"Basi nimpigie mgeni rasmi nimuulize. Nimwambie mwenyekiti anasema leo hukuzindua kitu."

Kukana kuvuja Mzee Naftali aliweza, na alikwisha kukana. Kukana uzinduzi hakuweza, kwa kuwa angekuwa amekana maisha yake yote. Akauvuta ufunguo kutoka kwenye mfuko wa suti, akautia katika kiganja cha muuguzi bila kumtazama usoni.

Mifereji ilirudishwa jioni ile ile. Ukuta uliendelea kuvuja, na wapita njia walikuja kweli kutazama, wakasema waliyoyasema. Raheli alibaki kijijini akiukagua kila asubuhi. Polepole, juu ya mistari myeusi ikaota mistari myeupe, kama chumvi inayobaki pembezoni mwa ziwa Singidani maji yanapojivuta. Mistari ikakaza. Kabla ya mwisho wa Machi, Agripina alipitisha kiganja ukutani kikarudi kikavu.

Mvua ilinyesha mara mbili tu baada ya hapo. Ikapita kuelekea Manyoni, na anga likawa safi. Ndani ya tangi maji yalifika juu kidogo ya goti. Tangi halikuvuja hata tone, wala halikuwa na maji mengi ya kuvujisha.

Agripina aliyatumia maji yale kwa wanaojifungua tu, kwa kipimo cha jagi, hadi alizeti zilipovunwa. Kisha maji yakaisha, akarudi kwenye swali lake la pili, ndoo iko wapi.

Naftali na Leonidas walifika Agosti na toroli. Humo lilikuwemo bamba la marumaru lenye jina la mgeni rasmi kwa herufi za dhahabu. Leonidas alikuwa na nyundo na patasi.

"Watu wanasema tangi lilijiziba lenyewe," alisema Mzee Naftali, uso ukimng'aa. "Sisi tunajua ni mkono wa nani uliomimina ndoo ya kwanza. Mkono ule una baraka, sista. Tunalipachika hapa ukutani, ni mashimo manne tu."

Agripina aliitazama patasi, kisha akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Liwekeni chini," alisema. "Hapo mlangoni."

Walilaza bamba kando ya mlango wa wodi, wakaahidi kurudi kulijadili kikaoni. Alasiri ile aliingia mjamzito, dada yake akiwa na ndoo kichwani na akitafuta pasipo na vumbi. Akaiteremsha juu ya marumaru. Maji yaliruka kidogo, yakatuama ndani ya herufi za dhahabu.

"Hapo hapo panafaa," alisema Agripina. "Uchungu umeanza lini?"