Alikuja Nacho

Wodini walimwita Chapuchapu, na jina likamkaa. Muuguzi huyu aliweza kutandika kitanda, kupima presha na kugombana na mfagizi, yote kwa mkupuo mmoja. Wakimkumbusha kwamba haraka haina baraka, aliwajibu, "Baraka zitakuja mkiajiri wa pili."

Basi bibi mmoja aliyepooza alipoletwa, Chapuchapu hakumgeuza amtazame mgongo. Wagonjwa walifurika siku ile. Kwenye kompyuta, palipoulizwa hali ya ngozi, aliacha wazi, akijiambia atarudi. Hakurudi. Bibi akalazwa chali siku nenda siku rudi, na walipokuja kumwogesha vizuri, lo! Juu ya makalio kidonda kimechimbika, kidole kingezama.

Kompyuta ikauliza: kidonda kimeanzia hapa, au mgonjwa alikuja nacho? Kikiwa cha hapa, kuna kuitwa ofisini, kuna kujieleza, pengine na kibarua kuota nyasi. Chapuchapu akabonyeza: alikuja nacho. Kubonyeza tu, jamani, wala hakutoka jasho.

Kesho yake daktari akawaeleza watoto wa bibi kama alivyosoma: kidonda kimetoka nyumbani. Kaka mtu akamgeukia dada yake, kitinda mimba, aliyemuuguza mama tangu apooze.

"Ndiko kumtunza mama huko? Akitoka hapa anakwenda kwangu. Wewe humgusi tena!"

"Kaka, nilimwogesha asubuhi ile ile tuliyomleta. Sikuona kitu."

"Hukuona! Macho uliyaweka wapi?"

Chapuchapu, aliyesimama pembeni na bakuli la kusafishia kidonda, aliomba moyoni binti abishe, apige hata kelele. Wapi! Binti alikuwa ameshaanza kuyashuku macho yake mwenyewe. Akapiga magoti, akamshika mama yake mkono.

"Nisamehe, mama. Labda nilichoka, sikukutazama vizuri."

Bibi ulimi ulishakufa, neno halitoki. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, machozi yakimtiririka.

"Unaona?" kaka mtu akasema. "Hata yeye anakataa kukusamehe."

Chapuchapu alijua fika bibi anakataa nini. Uso ukamwaka. Alijiona mwizi aliyesimama kwenye msiba wa aliyemwibia. Akajaribu kuwaza kazi yake, watoto wake, kodi ya nyumba, na vyote havikumsaidia.

"Si yeye," akasema. "Hakuja nacho. Mimi sikumtazama mgongo, hatukumgeuza, halafu mimi huyu huyu nikaandika uongo."

Daktari akamkodolea macho. Kaka mtu akakosa pa kuuficha uso. Chapuchapu alisubiri matusi. Hata kofi angelipokea.

Binti hakumtukana. Alimfuta mama yake machozi kwa kiganja. "Kumbe ulikuwa unanitetea," akamwambia, na bibi akafumba macho, akatulia.

Kisha binti akainuka.

"Sista, alipokuwa anatikisa kichwa, ulimwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Na kabla ya hapo, kaka aliponitukana, ulisikia?"

"Nilisikia kila neno."

"Basi lete hilo bakuli," binti akasema taratibu. "Nitamsafisha mwenyewe."