Uso wa Dubu

Picha za kalenda ya kijiji zilitakiwa jioni ile ile, na Kukik, binti wa miaka ishirini, alikuwa na picha arobaini za dubu mweupe, zote za makalio. Bibi yake, Miali, alizitazama moja moja kwenye kamera, akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Mume wangu," alisema, kwa maana Kukik alipewa jina la marehemu babu yake, na kwao anayerithi jina hurithi na nafasi ya marehemu katika familia. "Hata ulipokuwa babu, dubu walikuwa wakikupa mgongo tu."

"Mke wangu, usinichokoze. Nani atatundika makalio ukutani mwezi mzima?"

"Basi acha kuwakimbiza na hilo lipikipiki lako. Zima, tule."

Kukik akaizima pikipiki ya theluji. Wakaketi juu ya sleji, kitoroli cha kuteleza kilichofungwa nyuma yake, ukingoni mwa barafu, Bibi akamimina chai, akafungua na mfuko wa nyama ya sili, mnyama wa baharini. Kimya kikatanda. Punde kichwa cheupe kikachomoza nyuma ya bonge la barafu, pua juu. Dubu akawakazia macho kama jirani aliyenusa mlo wa watu. Kukik akabofya mara tatu.

"Umempata?"

"Uso mzima, mke wangu. Hata masharubu."

Dubu akapiga hatua moja mbele, kisha ya pili.

"Haya, mume wangu," Bibi alisema, akifunga chupa ya chai bila haraka, "sasa liwashe lipikipiki lako."