Mubirizi wa Dativa

Jumamosi mchana, matanga yakiwa yamekwisha, Dativa aliponda majani ya mubirizi, ule mti mchungu wa dawa, uani kwake Nshamba huku wanaukoo wakimtazama mikono. Alikuwa amempa mumewe, Rutaihwa, maji ya majani hayohayo alipopata homa, na Rutaihwa akafa. Tangu hapo hakuna aliyekunywa hata chai kwake. Wifi yake, Joviana, alikuja na chupa yake ya maji, akaipakata kama mtoto mchanga.

Wote waliokuwepo walilelewa kwa mubirizi. Walinyweshwa kwa homa na kwa minyoo, wakaogeshwa nao walipotoka vipele. Kuku wao wakianza kusinzia, majani yake yalitiwa kwenye maji. Lakini Aristides, mdogo wa marehemu, alisema kitu kichungu huficha mengi, na anayetaka kumwekea mtu sumu hapati mahali pazuri kuliko humo.

"Kunywa tukuone," alisema Ta Rweyemamu, mkubwa wa ukoo.

Dativa alikamua, akachuja, akanywa. Uso ulimkunjamana. Hakuanguka.

"Huenda ana kinga yake," Aristides alisema, na wawili watatu wakaitikia kwa vichwa.

Hapo Rutaihwa akatokea migombani, upande wa kaburi lake, amevaa suti aliyozikwa nayo, viatu vimejaa udongo mwekundu. Joviana alimsogezea kiti. Rutaihwa aliwasalimia wakubwa kwa Kihaya, mmoja mmoja, kisha akaomba kikombe. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo.

"Ni ileile," alisema. "Haikuniua."

"Sasa ulikufa na nini, tata?" aliuliza Ta Rweyemamu.

"Homa. Asubuhi Dativa alinipa hii. Jioni akaona macho yangu yamekuwa ya njano, akasema hii haitoshi, twende hospitali. Nikamtuma kwa Aristides aje na pikipiki. Akajibu haina mafuta."

Wakamgeukia Aristides. Hakubisha.

"Mafuta yalikuwepo," alisema. "Sikujua kama ni ugonjwa wa kufa."

"Ulijua," Rutaihwa alisema, bila hasira.

Ta Rweyemamu alimshukuru marehemu kwa kusema ukweli. Suala la sumu, alisema, limekwisha. Limebaki la kibanja. Dativa alizaa binti mmoja tu, Esther, naye ameolewa Kagondo. Kwa hiyo nyumba, migomba na kahawa vitakwenda kwa Aristides, kama ilivyokuwa imepangwa.

"Si amekiri?" Dativa aliuliza. "Alimwacha ndugu yake afe!"

"Amekiri, ndiyo. Mrithi anaweza kuwa na makosa, Ma Dativa. Lakini hawezi kuwa mtu wa ukoo mwingine."

Dativa alimtazama mumewe, akangoja. Rutaihwa aliinama, akakwangua udongo wa kiatu kwa kijiti.

"Kibanja cha baba hakitoki nje ya ukoo," alisema. "Hilo unalijua."

Dativa alihamia Kagondo kwa Esther kabla mvua hazijaanza. Rutaihwa akawa anamfuata huko Jumapili, baada ya ibada. Majirani walimzoea, walimpisha njiani na kumuuliza habari za Nshamba. Kwa Dativa alileta habari za nyumbani: kahawa imevunwa mbichi, mnyauko umeingia kwenye migomba, na Aristides hajui kukata mgomba unaoumwa.

"Rudi," alimwambia Jumapili moja, wakiwa barazani. "Nimezungumza naye. Amekubali ukalime."

"Nikalime kama nani?"

Rutaihwa alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Wapita njia walimsalimia, naye akawaitikia.

"Anasema kama kibarua," alijibu hatimaye, akasogeza kikombe aongezewe sukari.

Dativa akamwongezea.